Kioo cha Papa Ndani ya Unga wa Muhogo

Siku ya tatu baada ya kumzika Papa, Mama alinituma chumbani kwao nikatafute karatasi za kiwanja. Zilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Nikapiga magoti, nikalivuta, nikalifungua, na kitu cha kwanza kilichonipokea hakikuwa karatasi bali harufu ya unga wa muhogo. Ninyi mliokulia Bukavu mnaijua: muhogo uliolowekwa ukachacha, ukaanikwa, ukatwangwa, harufu kali kidogo inayokwenda kukaa nyuma kabisa ya pua. Pembeni mwa karatasi kulikuwa na kifuko cha kitambaa kilichofungwa kwa kamba. Nikasema moyoni, maskini Mama, sasa amezeeka kweli, ameanza kuficha unga chini ya kitanda. Nikaingiza mkono nione kama umeingia wadudu.

Vidole vyangu viligusa kitu baridi, kigumu, cha mviringo. Nikakitoa, unga ukanimwagikia mapajani. Kilikuwa kioo kinene, upana wake kama sahani ya kikombe cha chai, kimevimba kidogo katikati. Nilipiga ukelele hadi watu wa matanga waliokuwa uani wakanyamaza. Sioni aibu kusema, hata ninyi mngepiga. Kioo kile nilikiona kikivunjwa. Nilikiona kwa macho yangu haya haya, nikiwa na miaka tisa, kikipigwa chini kwenye saruji nyuma ya jiko letu, na buti ya mtu ikimalizia vipande. Miaka yote hii nimeishi nikijua mambo mawili: kwamba kioo cha Papa hakipo tena duniani, na kwamba mwenye kosa ni mimi.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, upande wa Ibanda, na bustani ilishuka kwa ngazi hadi karibu na maji. Chini ni ziwa, ng'ambo ni Rwanda, karibu kiasi kwamba asubuhi iliyotulia tuliwasikia majogoo wao wakijibizana na wetu. Ilikuwa miaka ile nchi ikiitwa Zaïre, watu wazima wote wakiitwa citoyen na citoyenne, yaani raia, wanaume wamevua tai na kuvaa abakosti, koti lisilotaka tai. Papa alifundisha fizikia shule ya sekondari. Mtaani walimwita Prof. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye vumbi la chaki hata kwenye nyusi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alipenda kuulizwa maswali. Mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa dawa ya ugonjwa huo. Niliuliza asubuhi, niliuliza mezani, niliuliza akiwa anaoga, nikiwa nimesimama nje ya mlango. Mama alikuwa akishika kichwa. "Mutoto uyu atakumaliza," alimwambia. Papa alicheka tu na kunijibu.

Kioo kile alipewa na padri mzee wa Kizungu waliyefundisha pamoja, aliyekuwa anarudi kwao kufa. Kilikuja ndani ya kisanduku cha mbao chenye kitambaa chekundu. Papa alikiweka juu ya meza ya kulia chakula, akakitazama mpaka chakula kikapoa. Kesho yake akaingia bustanini na kigingi na kamba, akachora duara kubwa nyuma ya jiko, pale Mama alipokuwa anapanda mboga za lengalenga. Akasema anajenga observatoire. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliweza neno hilo, ambalo maana yake ni nyumba ya kutazamia nyota. Mama aliiita "ile nyumba yako ya bilashi". Mimi niliamini kwa moyo wote kwamba tunajenga chumba cha kulala mwezi, kwa maana Papa alisema mwezi utakuja mpaka karibu, tutauona kama tunaushika.

Msimu wote wa kiangazi tulijenga. Ukuta wa matofali ya duara ulipanda mpaka kifuani kwa Papa, na mlango mdogo wa kuinamia, mtu mmoja mmoja. Paa alilitengeneza Mze Salumu, fundi bati, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa Uvira, mwenye kofia nyeupe iliyokuwa safi siku zote hata mikono ikiwa myeusi. Alipasua mapipa ya mafuta, akayanyoosha kwa nyundo ya mti, akayakunja yakawa kama nusu ya chungwa, lenye mpasuko mmoja mrefu wa kuchungulia mbingu. Chini ya paa wakafunga magurudumu ya vitanda vibovu vya hospitali, ili paa lizunguke. Lilipiga kelele kama nguruwe anayechinjwa. Grisi ilikuwa haipatikani, basi Papa akayapaka mawese. Paa likanyamaza, ila toka siku hiyo observatoire yetu ikanuka kama jiko la sikukuu, na sisimizi wakahamia wote.

Bomba la kutazamia lilikuwa bati lililoviringishwa na kulehemiwa, ndani limepakwa masizi na mafuta ya taa. Mbele wakaweka kioo cha padri, nyuma kioo kidogo cha kuchungulia chenye pete ya kuzungusha. Juu ya bomba Mze Salumu akagongea misumari miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Papa akanifundisha: ukiitazama misumari ikafuatana, na kitu kikawa kwenye ncha yao, basi kitu hicho kimo ndani ya kioo, huna haja hata ya kuchungulia.

Siku ya kwanza ya kujaribu ilikuwa alasiri. Papa alielekeza bomba kwenye mlima wa ng'ambo, akazungusha pete ya kioo kidogo cha nyuma, kisha akanipandisha juu ya kigoda. Nikaona mwanamke wa Rwanda anatembea na mzigo wake wa kuni. Alitembea kichwa chini. Miguu ilikuwa juu, kichwa kimening'inia, na mzigo umening'inia chini ya kichwa, wala haudondoki. Niliruka kutoka kigodani nikiwa nimeshikilia sketi yangu, nadhani niliogopa nami nitageuka. Halafu nikamtazama Papa nikamwonea huruma mpaka machozi yakanilenga. Kazi yote ile, na mashini imetoka mbovu!

"Haiko mbovu," Papa alisema akicheka. "Mwangaza ikipita mu kioo inapishana. Ya juu inaenda chini, ya chini inaenda juu. Vitu vya huku kwetu vitageuka vyote."

"Na utaitengeneza lini?"

"Nitengeneze juu ya sababu gani? Mi sitafuti kuona bantu. Kule juu hakuna kichwa, hakuna miguu. Mwezi haina kichwa chini."

Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayejitetea. Lakini maneno nikayaweka, na nikayaelewa kwa akili yangu ya miaka tisa: vitu vya dunia hugeuka, vitu vya juu havigeuki. Jioni ile ile, giza lilipoanza tu, akanionyesha mwezi, na nilishtuka kupita mara ya kwanza. Mimi nilijua mwezi ni sahani safi. Kumbe umejaa mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nilikaa juu ya kigoda changu, na Papa akanitazama akifurahi kwa sababu kwa mara ya kwanza sikuwa na swali.

Toka siku hiyo akaweka sheria moja. Bomba lisielekee tena mlimani wala mjini. "Juu tu," alisema. "Ng'ambo ni inchi ya bengine, na huku bantu beko na macho." Nami nikaitika.

Sasa lazima niwakumbushe asubuhi zetu za shule, ingawa najua hamjasahau. Kabla ya darasa tulijipanga mbele ya bendera, tukaimba na kukata kiuno kwa ajili ya Guide, mkuu wa nchi, mpaka jasho likatutoka. Jioni, kwa jirani mwenye televisheni, uso wake ulitokea katikati ya mawingu kabla ya habari, unashuka taratibu. Watoto tuliamini tulichokiona. Mtu anayeshuka kutoka mawinguni ni mtu wa juu. Basi siku moja, tukiwa tunapaka mawese magurudumuni, nikamuuliza Papa swali lililokuwa likinisumbua wiki nzima.

"Papa, na Guide? Tukimutazamia mu bomba, ye pia atakuwa kichwa chini?"

Sijawahi kumwona mtu akiganda hivyo. Kopo la mawese lilibaki hewani. Halafu mkono wake, unaoteleza mafuta, ukanifunika mdomo, kwa nguvu, na macho yake yakaenda kwenye ua wa majirani na kurudi.

"Usiulize tena ile neno," alinong'ona. "Hapa, wala ku masomo, wala ku nani. Unasikia?"

Niliitikia kwa kichwa chini ya kiganja chake. Nilishangaa sana. Papa, ambaye hakuwahi kunyima jibu, alinyima hili. Na mnajua mtoto wa maswali alivyo: swali lililonyimwa jibu halilali.

Wakati huo maneno yalikuwa yameanza kutembea. Bombani, wanawake waliokuwa wakingoja maji walisema Prof amejenga mzinga wa kupiga Rwanda. Wengine walisema hapana, ni radio ya kuongea nao. Ikafika masikioni kwa Citoyen Bashige, mkubwa wa chama mtaani kwetu. Hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alikuwa mtu mnene mwenye kupumua kwa shida, beji ya Guide kifuani, na mfukoni alikuwa na bonbo, peremende za kugawia watoto. Akatuma neno: Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, atakuja kuiona nyumba ile. Akiikuta ni kitu cha akili tu, ataweka sahihi kwenye karatasi, na hakuna atakayemsumbua Papa tena. Asipoielewa, itabomolewa, na Papa ataenda kujieleza mbele ya watu wengine, wasiogawa bonbo.

Papa alijiandaa kama mwanafunzi wa mtihani. Alichagua kitu cha kumwonyesha: mwezi wa mchana, ule wa nusu unaosimama mweupe juu ya mlima saa za alasiri. Aliona huo ndio usalama. Bomba litatazama juu, peupe, watu wote wakiona, na hakuna atakayesema tunachungulia ng'ambo. Mama, aliyekuwa akiiita nyumba ya bilashi, alikaanga sambaza, visamaki vya ziwani, sahani kubwa, akatafuta na bia.

Jumamosi ile tulifanya salongo asubuhi, mtaa mzima tukizibua mitaro. Alasiri Citoyen Bashige akaja na vijana wawili wa chama. Papa alikuwa ameshauweka mwezi kwenye kioo. Lakini kwetu mgeni hapelekwi kazini na tumbo tupu. Lazima aingie, akae, ale, anywe, aulizwe habari za nyumbani kwake, ndipo aonyeshwe kitu. Papa hakuweza kuruka hayo, na mwezi haungoji, unatembea. Basi akaniinamia, akaniambia: "Ufuate mwezi na misumari. Polepole. Usiiache itoke." Akaniachia kazi yake yote mikononi, akaingia nyumbani.

Niliufuata mwezi. Naapa niliufuata. Nilisikia vicheko vya salon, sebule yetu, nikasikia Citoyen Bashige akisifu sambaza. Halafu likaja wingu. Mnajua mawingu ya Bukavu, hayaagi wala hayapigi hodi. Lilitoka nyuma ya mlima likaumeza mwezi wote, na nyuma yake likaja jingine. Nilitazama ile mbingu ya kijivu. Wanakuja. Watachungulia na kuona moshi mtupu. Karatasi haitawekwa sahihi. Papa atachukuliwa.

Nikageuza macho nikakiona. Ng'ambo ya ghuba ndogo iliyo chini yetu, upande wetu wa mji, juu ya paa la jengo la ofisi, ilisimama picha kubwa ya Guide iliyochorwa juu ya mbao, na kofia yake ya chui. Moyo ulinidunda kwa furaha. Ni kitu gani Citoyen Bashige angependa kukiona kuliko hicho? Na sikuogopa hata kidogo kwamba kitageuka. Vitu vya dunia hugeuka, vitu vya juu havigeuki, Papa mwenyewe ndiye aliyesema. Mwanamke wa Rwanda kageuka kwa sababu ni mwanamke wa kuni tu. Huyu anashuka mawinguni. Isitoshe, lile swali langu lingepata jibu siku hiyo hiyo, bila mtu kufungua kinywa.

Nikasukuma paa, likazunguka kimya kwa mawese yake. Nikalilaza bomba, nikapanga misumari mpaka uso wa Guide ukakaa kwenye ncha. Bomba likilala, kioo cha kuchungulia kilikuwa juu ya kichwa changu, na kigoda kilikuwa kimepelekwa salon kwa ajili ya wageni. Sikuchungulia. Sikuona haja. Nikasimama ukutani, mikono nyuma, nikingoja kupongezwa.

Mgeni hutangulia. Citoyen Bashige akainama mlangoni, akaingia akihema, vijana wake nyuma, Papa wa mwisho, bado yuko nje anaeleza. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Sijaisahau.

"Naona ukungu tu," alisema Citoyen Bashige, jicho likiwa kiooni.

"Zungusha kile kipete, Citoyen, polepole tu," Papa akajibu kutoka nje.

Akazungusha. Halafu mgongo wake ukakauka. Nilikuwa karibu naye, niliona shingo yake ikitoa jasho, tone baada ya tone. Akatoa jicho, akalifuta kwa leso, akachungulia tena. Kijana mmoja akauliza, "Iko nini, Citoyen?" kisha akapenyeza kichwa chake, akachungulia mwenyewe.

"Hee!" akapasuka kicheko. "Guide anasimama na kichwa!"

Kicheko kile kilikatika katikati. Kijana aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, akamtazama mwenzake, naye mwenzake akamtazama Citoyen Bashige. Na mimi, pale ukutani, kabla sijaelewa hatari yoyote, nilipigwa na butwaa kwa jambo langu mwenyewe. Si kweli, nilisema moyoni. Haiwezekani. Amegeuka kama mwanamke wa kuni. Asubuhi zote zile, nyimbo zote zile, jasho lote lile!

Papa aliingia. Aliona bomba limelala, akaelewa kabla hajafika. Alichungulia, mara moja tu. Kisha akanigeukia, na macho yetu yakakutana, na nikajua kwamba amekumbuka swali langu.

"Ni mi niliiweka pale," alisema.

"Prof," sauti ya Citoyen Bashige ilikuwa chini, karibu inabembeleza, "sema kintu ingine."

"Ni kioo, Citoyen. Mwangaza inapishana. Kila kintu inageuka, hata nyumba, hata muti. Ni fizikia."

"Usinifundishe fizikia. Hii tumeiona bantu watatu, na mumoja amecheka." Alimtazama yule kijana, na sijapata kuona mtu mkubwa akimwogopa mtoto wa watu namna ile. "Nikinyamaza, kesho atasema ye. Juu ya nini unanifanya ivi, Prof? Nimetoka kukula kwako."

Akainama, akatoka. Karatasi ilibaki mfukoni mwake. Sambaza zilizobaki Mama alizitupia kuku.

Walikuja kesho yake, tukitoka misa, na jeep mbili. Sio Citoyen Bashige, wengine. Walilitia paa kwenye jeep moja vipande vipande. Walichomoa kioo kwenye bomba, wakakipiga kwenye saruji. Papa walimpakia akiwa na kiatu kimoja. Alikuwa anakitafuta kingine kwa macho, nami nilikiona, kilikuwa karibu na mguu wangu, na sikuweza kuinama.

Mama alipeleka chakula kila siku kule alikofungwa. Siku nyingine alirudi na chungu kitupu, siku nyingine alirudi nacho kimejaa. Ndani ya ule ukuta wa duara alipanda maharagwe. Yalikubali sana. Yalitambaa, yakatoa maua, yakabeba, tukayachuma, tukayala yote, na Papa bado hajarudi. Mimi nilimeza siri yangu pamoja na maharagwe yale. Sikumwambia Mama, sikumwambia padri kitubioni. Kila jeep iliyopita niliamini inanijia mimi.

Aliporudi ilikuwa mchana, kwa miguu. Alikuwa amebaki mifupa, na mkono wa kulia haukuweza tena kufunga ngumi. Aliomba maji. Kisha akaenda nyuma ya jiko, akasimama penye ukuta, akatazama mabua makavu. "Maharagwe inapenda hapa," alisema. Ni hayo tu aliyosema juu ya jambo lile, mpaka kufa kwake. Aliendelea kufundisha, akiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Nilikua, nikakimbia fizikia kama moto, nikawa mkunga, napokea watu wanaokuja duniani kichwa chini, na hakuna anayefungwa kwa hilo. Yeye alizeeka. Tulikuwa tunakaa barazani yeye na mimi, tukitazama ziwa, tukizungumzia mvua.

Basi nilikuwa sakafuni, unga mapajani, kioo mikononi, kizima bila hata mkwaruzo, Mama alipoingia mbio, fimbo yake mkononi, akidhani nimeumwa na kitu.

"Ah," alisema alipoona. Akakaa kitandani taratibu. "Nilisahau kama iko mule."

"Mama, walikivunja. Niliona!"

"Walivunja kioo ya dirisha. Jumamosi ile ile, Papa yako alimwita Salumu akate ingine, akaweka. Hii mi nikazamisha mu gunia ya unga, kisha nikahamisha mu hii kifuko. Wakati ya hatari unaficha kintu mule mwenye wanaume hawaingizake mukono."

Nikashindwa kujizuia. Mambo niliyoyabana kifuani umri mzima yakatoka yote kwa pamoja. "Mama, haikuwa Papa. Ni mi niliigeuza ile bomba. Ni mi."

Mama alinitazama kwa mshangao, na mshangao wake haukuwa ule nilioungoja.

"Lakini tunajua, mutoto wangu. Tulijua siku ile ile."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alinisuka nywele miezi yote ile. Alinipakulia wa kwanza. Aliniita mutoto wangu, na alijua.

"Bashige alikuja kwangu siku ya pili," aliendelea Mama, akipangusa unga mkononi mwangu kwa ncha ya kitenge chake. "Usiku hakulala, alilia hapa mu salon. Akasema, mwambie bwana aseme ni mutoto alichezea. Mutoto wa miaka tisa, watacheka, watamufungula siku ile ile. Nikapeleka ile neno pamoja na chakula. Papa yako akakataa."

"Siku ya pili? Mama, na maharagwe yote ile..."

"Yote ile. Mi nilikasirika, usifikiri sikukasirika. Nilimwambia, weye unapenda kufa. Njo akanijibu." Mama alitafuta kuyasema kama yalivyosemwa. "Alisema, mutoto aliniuliza kintu, mi nikaogopa, nikamufunika kinywa. Akaenda kutafuta jibu ye mwenyewe. Sasa nikimuweka mbele ya bantu bale juu ya swali yake, hataulizaka tena kintu mu maisha yake. Acha nikae humu. Ye aendelee kuuliza."

Uani watu wa matanga walikuwa wameanza tena kuongea. Mama alishika fimbo yake, akanikumbusha karatasi za kiwanja, akatoka. Nilibaki pale chini na kioo mapajani, nikijaribu kukumbuka. Nilipekua umri wangu wote, mwaka baada ya mwaka, baraza lile, ziwa lile, mvua tulizozungumzia. Tangu siku ile ya jeep mpaka siku ya kumzika, sikumuuliza Papa swali hata moja.